Madebe Arobaini ya Matope

Ukoka wa Bwana Kilbride ulikunywa maji ya nyumba ishirini kila siku, na hakuna aliyewahi kuuona ukizaa hata punje moja. Ulikuwepo tu, kijani kibichi pale kilimani, katika Oktoba ambayo mbuzi wa Tuamzigo walikuwa wanatafuna magunia. Memsabu, mke wake, aliupenda sana. Asubuhi alitembea juu yake bila viatu, na watu waliomwona walisema basi, kila mtu na starehe zake. Bertila hakusema hivyo. Bertila alihesabu madebe.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro kidogo, mjane wa seremala, Mkatoliki wa kuwahi misa ya kwanza, na sauti yake haikuhitaji kupandishwa ili isikike. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye kamba. Ukitaka maji Tuamzigo huendi kisimani kwanza, unakwenda kwa mwenye kamba. Ilikuwa kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mkono mmoja, na mafundo yaliyotoka yamelowa ndiyo yaliyomwambia Bertila kisima kina maji kiasi gani. Kabla yake aliishika baba yake, na kabla ya baba aliishika babu, mpagazi aliyepeleka pembe Bagamoyo na kurudi na majora ya nguo mara saba. Mara ya nane akasema yatosha. Akatua mzigo hapo hapo, magharibi ya Tabora, njia ya kwenda Ujiji, na kuchimba kisima pamoja na wenzake waliochoka kama yeye. Mtaa ulipata jina lake hivyo.

Na wapagazi hao, waliokuwa wamechoshwa na amri za watu, waliweka amri yao moja tu. Wakati wa kiangazi mchanga na udongo huporomoka na kuziba chemchemi huko chini, kwa hiyo kila anayeteka sharti ashuke kukomba. Kila Alhamisi nyumba kumi zina zamu. Nyumba moja huteka madebe mawili kwa siku, na siku ya zamu yake itatoa madebe mawili ya matope. Unachoteka ndicho unachokomba. Hushuki kwa mguu wa mtoto wala wa kibarua, unashuka mwenyewe, mtu mzima wa nyumba hiyo, kwa ngazi zilizochongwa ubavuni mwa kisima, pima nane kwenda chini.

Usipokuja, hakuna atakayekugombeza. Kesho yake watu watakubebea tope lako na kulimwaga mlangoni pako. Hapo litakaa mpaka ulitoe kwa mikono yako mwenyewe, na mpaka utakapolitoa, hakuna wa nyumba yako atakayegusa kamba. Akikusaidia jirani, haihesabiki. Ukimlipa mtu, haihesabiki, na tope jingine litakuja. Zamani, Mwarabu mmoja wa biashara ya pembe, mtu wa bunduki sitini, alipelekewa tope lake na akalizoa mwenyewe, kanzu kaifunga kiunoni, huku bunduki zake sitini zikimtazama. Bertila naye aliwahi kulizoa. Alikuwa bibi harusi wa miezi miwili, akajiona mzuri mno kwa kazi ya shimoni, na baba yake mzazi ndiye aliyetangulia msafara wa kumletea. Alilia siku nzima huku anazoa, na tangu hapo hakukosa zamu.

Sasa utauliza, ukoka wa Bwana Kilbride ulipitaje miaka yote bila kukomba? Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na kosa lilikuwa la Bertila. Wapagazi walimwachia msafiri. Msafiri hakombi. Anateka, anakunywa, kesho hayupo, utamwandikaje zamu? Nyumba ile ya kilimani ilikuwa nyumba ya serikali, na Wazungu wake walikuwa wakija na kuondoka, huyu miaka miwili, yule mitatu, kila mmoja na masanduku yake. Kwa hiyo barua yenye mhuri ilipoletwa kuomba maji ya bustani, Bertila aliwahesabu kuwa wasafiri, akaruhusu. Mvua zilikuwa nzuri miaka hiyo. Hakuna aliyenung'unika.

Mwaka huo, wa nne tangu vita ya Hitla kwisha, mvua ziliishia Machi.

Bwana Kilbride, bwana shauri wa wilaya, alikuja Tuamzigo mwenyewe kuitisha baraza. Alikuwa kijana bado, mrefu, mwenye Kiswahili safi cha kitabuni. Alisimama kando ya kisima, akatoa karatasi mfukoni.

"Kisima hiki kinakufa," alisema. "Nimekipima. Leo kina mafundo matatu ya maji. Yakishuka hadi fundo moja, mtaa huu utahamishwa. Mtaa usio na maji huleta maradhi. Mmetengewa mahali pazuri Igalula, karibu na reli."

Watu hawakuwa na ugomvi na Igalula, ni mahali pa watu na mashamba yao. Lakini makaburi yao yalikuwa hapa, na nyumba walizozijenga kwa tofali zao wenyewe, na kazi zao za mjini. Bertila alisimama.

"Bwana, nina swali. Ukoka nao utahamia Igalula?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Bwana Kilbride hakucheka.

"Bustani ni ya nyumba ya serikali," alijibu. "Mwisho wa mwezi tunapokea mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam. Jambo hilo halihusiani na kisima."

"Halihusiani," alirudia Bertila polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

Alirudi nyumbani pamoja na Mwanahawa, jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi. Mwanahawa alitukana njia nzima, matusi ya kistaarabu na mengine yasiyo ya kistaarabu. Bertila hakuchangia mpaka walipofika mlangoni.

"Nilimwita msafiri," alisema. "Kumbe anayeondoka ni Bwana. Ukoka hauondoki. Bwana mmoja anauacha, mwingine anaukuta, nao unakunywa tu. Yule si msafiri, Mwanahawa. Yule ni mwenyeji wa siku nyingi, na hajakomba hata siku moja."

Asubuhi ya pili alimngoja Silasi kisimani. Silasi alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mtunza bustani wa Bwana Kilbride, mtu mpole aliyehamia kwa Wamoraviani kwa sababu ya kwaya na kubaki huko kwa sababu ya mke. Alikuja na mkokoteni wake wa madebe kama kawaida. Bertila alikuwa amekaa juu ya kamba.

"Shikamoo, shemeji," alisema Silasi.

"Marahaba. Geuza mkokoteni."

"Shemeji, nitafukuzwa kazi."

"Ufukuzwe wewe kazi, au tufukuzwe sisi sote majumbani, na wewe ukiwemo. Nyumba yako iko wapi, Silasi? Kilimani?"

Silasi alitazama madebe yake matupu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kisimani, na mke wake alikuwa akisugua masufuria kwa majivu ili kuokoa maji.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

"Mwambie nyumba ile si ya wasafiri tena. Inateka madebe arobaini, itakomba arobaini. Zamu yake ni Alhamisi. Aje yeye au memsabu, na nguo kuukuu."

Silasi alipeleka ujumbe, lakini kwa kuwa alikuwa Silasi, aliupeleka kwa memsabu, akaupunguza makali njiani. Memsabu alielewa kwamba kuna mama mmoja kisimani ambaye hajaridhika. Akacheka, akatoa pakiti ya sukari, akasema mpelekee na salamu zangu. Bertila aliirudisha ile pakiti bila kuifungua.

"Mwambie kisima hakinywi chai," alisema.

Alhamisi ilipofika, nyumba kumi zilishuka na kutoa matope yao. Nyumba ya kumi na moja haikuja. Bertila alikaa ukingoni mpaka jua likawa la utosi, macho njiani, na ukweli ni kwamba alikuwa anaomba waje. Hakuwa mtu wa kupenda vita. Alikuwa na magoti yanayouma na binti aliyekuwa karibu kujifungua huko Kigwa, na angependa kwenda Kigwa. Jua lilipopinda alikunja kanga yake, akashuka mwenyewe kwa zile ngazi, akaanza kukomba sehemu ya ukoka. Wanawake wengine walimfuata mmoja mmoja. Kufikia jioni walikuwa wamepanga madebe arobaini ya tope jeusi ukingoni, zito, lenye harufu ya chuma.

Ijumaa asubuhi walipanda kilimani. Wanawake ishirini kwa safari mbili, debe kichwani, Bertila mbele. Hawakuimba, hawakupiga vigelegele. Waliingia kwa lango kuu maana lilikuwa wazi, wakafika mbele ya baraza la nyumba ambapo Bwana Kilbride alikuwa anakunywa chai na mke wake, na Bertila akainama akamwaga debe la kwanza katikati ya ukoka. Lilianguka kwa kishindo kidogo. Kisha la pili, la tatu. Bwana alisimama na kikombe mkononi.

"Nani amewatuma?" aliuliza.

"Zamu," alijibu Bertila. "Hili ni tope lenu la jana. Hamkuja, tumewaletea. Mkilitoa kwa mikono yenu mtateka tena. Madebe mawili kwa siku, kama kila nyumba."

"Unajua hii ni nyumba ya nani?"

"Ndiyo ninayokwambia, Bwana. Ni nyumba. Imo Tuamzigo, inakunywa Tuamzigo. Leo ndiyo tumeitambua."

Memsabu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Bertila hakumtazama. Alishuka na wenzake, wakapanda tena, akamwaga debe lake la pili, akapangusa viganja, akasubiri wenzake wamalize, halafu wakashuka kama walivyopanda.

Askari waliokuja kumchukua walikuwa wawili, na mmoja wao, Bundala, mtu wa Nzega, aliomba radhi mlangoni kabla ya kutaja kosa. Mbele ya hakimu kesi haikuchukua muda. Uharibifu wa mali ya serikali. Hakimu alimuuliza kama ana la kusema.

"Ninalo swali moja. Ameshalitoa?"

"Kutoa nini?"

"Tope lake."

Hakimu alimpa faini au siku kumi na nne. Nje ya mahakama, katekista Anselm alikuwa tayari na kofia mkononi, watu wanachangia, kila mmoja na senti zake. Bertila alimwambia arudishe kila senti ilikotoka. Kulipa faini ni kukiri kosa, na yeye alikuwa na kosa moja tu, lile la kumwita mkazi msafiri, nalo alikuwa ameshalisahihisha. Kamba alimkabidhi Siwema, mke wa Silasi, akaenda jela kwa miguu yake.

Chumba cha wanawake jela kilikuwa na mikeka miwili na dirisha moja la juu. Bertila aliogopa. Haidhuru kulisema. Aliogopa zaidi kuliko alivyoogopa kitu chochote tangu mume wake alipoumwa, na hofu yake haikuwa ya jela. Aliogopa kwamba Silasi anateka. Kwamba huko nje watu wamechoka, barua mpya imeandikwa, mkokoteni unapita, na kamba inatoka na mafundo mawili, kisha moja, na atakapotoka atakuta malori yanapakia vitanda vya watu kwenda Igalula.

Siku ya nne mlango ulifunguliwa akaingia Mwanahawa, kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande.

"Mwangaluka, mwenye kamba," aliamkia kwa lugha ya nyumbani, akaketi kwenye mkeka wa pili kana kwamba amealikwa.

"Umefanya nini?"

"Nilichofanya ni kile kile ulichofanya wewe. Bwana alileta wafungwa wakazoa lile tope. Wanaume kumi na mnyapara, likaisha kabla ya adhuhuri. Sasa mimi nikasema, wafungwa wanakunywa kisimani kwetu? Hawanywi. Basi haihesabiki. Jana tukapeleka jingine."

"Arobaini?"

"Arobaini. Nilitangulia mimi. Hakimu kanipa siku saba tu, nadhani alipenda sura yangu."

Bertila alicheka mpaka mlinzi wa kike akagonga mlango. Kisha akauliza lile alilokuwa analiogopa.

"Kamba?"

"Mafundo manne," alisema Mwanahawa. "Silasi hateki. Na kukomba kule, tope juu ya tope, kumefungua jicho la chemchemi. Siwema alishuka mwenyewe, anasema maji yanaingia kwa ubavu wa kusini."

Bertila aligeukia ukuta akalia, bila sauti, na Mwanahawa alikuwa na adabu ya kutazama dirisha.

Baada ya siku tatu waliingia Josepha na Apolinaria kwa pamoja, mama na binti, wauza tumbaku. Wafungwa walikuwa wamezoa tena, na tope likapelekwa tena. Mikeka haikutosha sasa. Ukoka, walisema, ulikuwa umekufa wote, nusu kwa kiu na nusu kwa kufunikwa, umebaki rangi ya kamba kuukuu. Lakini habari kubwa ilikuwa ya Silasi.

"Bwana alimpa beleshi," alisimulia Josepha. "Akamwambia, zoa wewe. Sisi tulikuwa bado getini na madebe matupu, tunasikia. Silasi akaliweka beleshi chini. Akasema, Bwana, siwezi. Nikilitoa mimi nitakuwa nimekuharibia, maana mimi nina nyumba yangu na zamu yangu. Hili ni lako."

"Silasi alisema hivyo?" Bertila hakuamini. "Silasi wangu? Huyu wa sauti ya pili?"

"Kwa sauti ya kwanza," alisema Apolinaria. "Akafukuzwa kazi pale pale. Halafu memsabu akatoka ndani, wakazungumza na mume wake Kizungu, kirefu, chenye joto. Halafu askari wakatukamata sisi, kwa hiyo sijui mwisho wake."

Mwisho wake Bertila alingoja wiki nzima. Mwanahawa alitoka siku zake zilipokwisha, na hakuna aliyeingia badala yake. Hilo lilimsumbua Bertila kuliko kitu chochote. Kama hakuna aliyekamatwa, maana yake hakuna aliyepeleka tope. Au wameshindwa, au limetolewa, na yeye hakujua ni lipi. Alilala na swali hilo na kuamka nalo, na siku ya kumi na nne walipomfungulia mlango hakungoja hata uji wa asubuhi.

Hakwenda nyumbani. Alipita njia ya nyuma, vumbi mpaka kifundoni, moja kwa moja kisimani, na kwa mbali akaona watu wengi kuliko kawaida, wamesimama duara na hakuna anayeteka.

Memsabu alikuwa katikati yao. Alikuwa amevaa gauni lililofifia, limepasuka kwenye pindo, na miguuni viatu vya mume wake. Mbele yake kulikuwa na madebe mawili matupu. Siwema alikuwa ameikumbatia kamba kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa mtoto, na alipomwona Bertila uso wake ulilegea.

"Afadhali umekuja," alisema. "Amesimama hapa tangu alfajiri. Mimi sijui la kufanya. Nimemwambia mwenye kamba anatoka leo."

"Tope?"

"Limetoka lote. Alizoa mwenyewe, siku nne. Silasi alimwambia maana yake, naye akachukua beleshi. Bwana alipanda gari akaenda zake Isikizya asione. Mgeni wa Dar es Salaam alimkuta anazoa, akamsalimia, akapita."

Silasi, aliyekuwa kando, aliongeza kwa sauti ya chini kwamba tope lenyewe hawakulitupa. Memsabu aliuliza lipelekwe wapi, naye akamwonyesha. Ukoka uliokufa waliulimia chini, wakainua matuta kama ya shambani, tope juu, na kati ya tuta na tuta wakafunga vizuizi vya udongo ili mvua ikija isikimbie. Kandokando wamechomeka mishubiri na minyaa, vitu visivyoomba maji. Juu ya matuta zitapandwa njugu mawe. Madebe mawili yataitosha bustani yote.

Bertila alisikia yote hayo na hayakumlainisha. Tuseme ukweli, alikuwa amejaa hasira mpaka shingoni. Siku kumi na nne. Mjukuu alikuwa amezaliwa Kigwa yeye akiwa ndani, na habari alizipata kwa mlinzi. Alitaka kumwambia mwanamke huyu arudi kwao, na alijua kwamba akisema hivyo hakuna hata mmoja katika duara lile atakayempinga. Wote walikuwa wanautazama mdomo wake. Memsabu naye alikuwa anamtazama, na kwa mara ya kwanza Bertila alimtazama yeye. Alitazama mikono. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kukauka na kupasuka tena, na chini ya kucha kulikuwa na weusi ule ambao Bertila aliujua, unaokaa wiki mbili hata ukisugua kwa mchanga.

Siku ile ya ujana wake, alipomaliza kuzoa, baba yake hakumpa pole wala hongera. Alimpa kamba tu.

"Mpe," alimwambia Siwema.

Hakuna aliyetikisika. Siwema alidhani hakusikia vizuri.

"Mpe kamba. Amelitoa, au hakulitoa?"

Siwema aliiachia. Memsabu aliipokea, akafunga debe kwa fundo baya, na Bertila akalifungua na kumfungia upya. Debe lilishuka. Walisikia lilivyogusa maji mapema kuliko walivyozoea, na kamba ilipopanda Bertila aliihesabu kwa kidole gumba. Mafundo sita yalikuwa yamelowa. Alihesabu tena, kuhakikisha. Sita. Yatatosha mpaka mvua zije, hata zikichelewa.

Memsabu alijaza la pili. Alikuwa anahema. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha jikoni ambacho hakikumtosha kwa shughuli hii, kwamba anasikitika sana, lakini lazima aseme kweli. Mume wake bado ana ile karatasi. Anasema kuhama ni kuhama, atakuja kuisoma Jumatatu.

Duara lilinguruma. Bertila aliinua mkono, wakanyamaza. Alikuwa akizungusha kamba mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, kama alivyofundishwa.

"Mwambie aje," alisema. "Mwambie nimelitia jina lake kwenye zamu, nyumba ya arobaini na nne. Wewe umezoa, umeteka, wewe sasa ni mtu wa Tuamzigo, na yeye ni mume wako. Aisome hiyo karatasi yake vizuri. Siku Tuamzigo itakapopakiwa kwenda Igalula, nyumba zote zitapakiwa, na tutaanza na yenu."

Memsabu alijifunga kitambaa kichwani, akakikunja katikati kama alivyoona wengine wanafanya, akaomba atwikwe debe. Mwanahawa ndiye aliyemtwika. Maji yalimmwagikia shingoni, akayumba, akasimama sawa, akashika njia ya kilimani peke yake, debe la pili likimngoja arudi.

Bertila alimkabidhi kamba aliyefuata kwenye foleni.